Posta, Kariakoo, Magomeni au Coco: mtaa upi unafaa kwa matembezi ya kundi kila wiki?

Makundi ya matembezi Dar es Salaam huanza na ubishi ule ule: tuanzie wapi? Mmoja anataka baharini apigwe na upepo. Mwingine anataka Kariakoo ili akimaliza kutembea anunue kitenge. Wa tatu anasema twende Posta tukaone majengo ya Mjerumani. Kundi letu lilibishana hivyo hivyo, na miezi ya mwanzo tulizunguka jiji kama wageni waliopotezana na mwenyeji wao. Sasa tumetulia, watu kumi na wawili hadi kumi na watano kila Jumapili asubuhi, na kwa kuwa swali hilo nimeshaulizwa na watu wa makundi matatu mwaka huu, naona bora niandike mara moja.

Sizungumzii jogging. Fulana za sare, spika juu ya kirikuu na nyimbo za kupandishana mori zina raha yake, lakini anayekimbia hasomi kibao cha mtaa. Nazungumzia kundi linalotembea kwa mwendo wa kupiga soga, linalosimama, linaloingia kichochoro kwa sababu tu kipo.

Na kuna jambo lililotuchukua muda kulielewa. Mtaa mzuri wa kutembea mara moja si lazima uwe mzuri wa kutembea kila wiki. Wengi huchagua njia kwa kuuliza kuna nini cha kuona. Hilo ni swali la mgeni wa siku moja. Anayerudi kila Jumapili aulize kuna nani wa kusalimiana naye, na yule mama yetu mwenye goti bovu atakaa wapi tukisimama.

Posta na Kivukoni

Hakuna njia rahisi kuianza kama hii. Basi la mwendokasi linakushusha Posta ya Zamani au Kivukoni, Jumapili saa 12 na nusu asubuhi barabara ni nyeupe, na njia za miguu zipo, kitu adimu katika jiji hili. Sisi tunakutana Sanamu ya Askari, tunafuata Samora hadi Makumbusho ya Taifa na Bustani ya Mimea, tunatokea baharini upande wa hospitali ya Ocean Road, tunapita Ikulu, tunafika Feri, penye kivuko na soko la samaki, kisha tunarudi kwa Kivukoni: kanisa la Azania Front, Mtakatifu Yosefu, Boma la Kale. Ni kama kilomita 4 au 5, saa moja na nusu kwa mwendo wetu wa konokono.

Cha kuona kipo tele. Boma la Kale ni la enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, miaka ya 1860, alipoanza kujenga mji kando ya kijiji cha Mzizima. Ukigusa ukuta mahali lipu ilipobanduka unahisi matumbawe. Wajerumani waliuhamishia mji huu makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891, ndiyo maana majengo mengi ya upande wa bahari yana umri unaokaribiana. Sanamu ya Askari iliwekwa na Waingereza mwaka 1927. Wengi hupiga picha na kuondoka bila kusoma maandishi ya chini yake. Hayawataji askari peke yao: yanawataja wapagazi pia, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Hao wapagazi washikilie, tutakutana nao tena.

Sasa kasoro zake. Jumapili Posta hakuna mtu. Supu hadi ufike Feri, na Feri wengine hawaitaki kwa sababu ya harufu ya samaki na maji yanayotiririka hadi kwenye viatu. Kamera ni balaa: Ikulu, bandari na kivuko si vitu vya kupiga picha, na hata nyumba zisizohusika zina walinzi wenye hamu ya kukataza. Mlinzi wa jengo moja la ofisi alitusimamisha robo saa kwa sababu mmoja wetu alipiga picha ya mti. Mti wenyewe ulikuwa nje ya uzio.

Kubwa zaidi ni kwamba Posta inaisha. Mara ya kwanza watu wanashangaa, mara ya pili wanaelezana, mara ya tatu wanaanza kuangalia simu. Boma ukishaambiwa ni la matumbawe, wiki ijayo utaambiwa nini? Uhai wa njia hii tuliurefusha kwa kuingia ndani, Kisutu, Zanaki, Mtaa wa India na ile mitaa ya iliyokuwa Uhindini. Pale inua macho juu ya fremu za maduka: nyumba nyingi za zamani zina jina la mwenyewe na mwaka wa kujengwa, umechongwa kwenye lipu juu kabisa. Tulifanya mchezo wa kutafuta mwaka wa zamani kuliko wote. Watoto waliokuja siku hiyo walitushinda sote, shingo zao bado laini. Ila harakisheni, kwa sababu ukipita baada ya miezi michache unakuta nyumba moja imezungushiwa mabati na nyuma yake shimo la msingi wa ghorofa.

Kariakoo

Ukiitaja Kariakoo kwa kundi jipya, nusu wanaguna. Wanaiwaza Kariakoo ya Jumamosi saa 10 jioni, guta linakupita ubavuni, machinga amekushika mkono, na pochi umeikumbatia kama mtoto mchanga. Nendeni Jumapili kabla ya saa 2 asubuhi mkaione nyingine. Fremu zimefungwa, wafagiaji wako kazini, na mitaa imenyooka kama ilivyopimwa, hivyo ukisimama katikati ya Mtaa wa Swahili unaona mbali kuliko ulivyodhani.

Wapagazi wa kwenye sanamu ndio waliolipa eneo hili jina. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kilikaa hapa, na ulimi wa wenyeji ukalifanya Kariakoo. Ukishalijua hilo, vibao vya mitaa vinaanza kusema. Mahiwa. Narung'ombe. Tandamti. Ni majina ya sehemu za kusini, mkoa wa Lindi wa leo, ambako mwaka 1917 Waingereza na Wajerumani walipigana, na mizigo ya vita hivyo ilikwenda kichwani na begani mwa watu. Leo Narung'ombe mtu anakwenda kununua vitu vya jumla, na anayembebea mzigo mpaka kwenye gari ni kijana mwenye kata kichwani au mkokoteni. Kwa hiyo tuna Jumapili moja maalumu kila baada ya miezi mitatu: tunaanzia kwenye sanamu, tunakata Mnazi Mmoja, tunaishia Kariakoo. Ni mwendo mfupi. Mnazi Mmoja ule mnaouona kama uwanja wa mikutano ndio uliokuwa uwazi wa makusudi kati ya mji wa Wazungu na Wahindi na mji wa Waafrika. Mkishaukata kwa miguu, hakuna haja ya mtu kuwaeleza mji ulivyogawanywa.

Mengine yako karibu karibu. Mtaa wa Lumumba, ilikozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Soko kuu la Beda Amuli, msanifu wa Kitanzania, lenye paa la zege kama miavuli iliyogeuzwa. Liliungua Julai 2021 na kukarabatiwa. Makao ya Simba Mtaa wa Msimbazi, na si mbali na hapo, mitaa ya Twiga na Jangwani, makao ya Yanga. Klabu ya mwaka 1936 na klabu ya mwaka 1935 zinasikilizana kelele. Kundi likiwa na washabiki wa pande zote mbili, kipande hicho peke yake kinakula nusu saa.

Lakini si hayo yanayotufanya turudi. Kinachoturudisha ni baraza moja. Zile nyumba za Kiswahili za vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma na baraza mbele, zimebaki chache kati ya maghorofa. Jumapili yetu ya kwanza tulimkuta mzee amekaa kwenye baraza ya mojawapo, redio ndogo pembeni, kikombe cha kahawa mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Msiba uko wapi?"

"Hakuna msiba, mzee. Tunatembea tu."

"Mnatembea mnakwenda wapi?"

"Hatuendi popote. Tunauangalia mtaa."

Akaipunguza sauti redio, akatutazama mmoja mmoja. "Basi mmechelewa. Mngekuja kabla haujapanda juu."

Akasimama, akatuonyesha kwa fimbo: pale alikuwa kinyozi, pale mwembe, pale nyumba ya shangazi yake, sasa ghorofa la viatu. Tangu siku hiyo hapo ndipo tunaposimama. Muuza kahawa ameshatuzoea, akiona tunakunja kona anaanza kugonganisha vikombe, na mama mwenye goti bovu ana pembe yake ya baraza. Tukikosa Jumapili mbili mfululizo tunaulizwa kama tumehama.

Hatari zipo, nisizifiche. Mitaro mingine haina mifuniko. Mwenzetu mmoja alizama hadi gotini huku anaangalia juu kusoma kibao. Chini ya majengo yanayoendelea kujengwa msisimame, na kama mkisahau sababu, kumbukeni ghorofa lililoanguka Novemba 2024 na watu waliofukiwa pale. Vyoo ni vya kulipia, mtembee na chenji. Na ikifika saa 3 ondokeni, maana magari ya mizigo yanaanza kuingia na nyinyi watu kumi na tano mnageuka kero kwa watu walio kazini.

Magomeni

Kwa watu wanaotaka kujua jiji linaishije, na si lilijengwaje, Magomeni inaweza kuizidi Kariakoo. Hapa mtaa haujalala Jumapili asubuhi. Kuna mama anageuza vitumbua, mtoto anatumwa sukari, mtu anaosha bodaboda, kaswida zinatoka madrasa. Mwendokasi unakushusha Mapipa, barabara za ndani zimepigwa lami nyingi, na miti ya vivuli imebaki kuliko Kariakoo.

Ipo nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere kabla ya Ikulu, ambayo sasa ni makumbusho. Nendeni muone udogo wake. Zipo pia kota: nyumba za zamani zilivunjwa, wapangaji wakasubiri miaka, na mwaka 2022 yakafunguliwa maghorofa ya kaya 644. Ukikaa na mkazi wa zamani ukamuuliza kuhusu kusubiri huko, tenga saa nzima.

Ila Magomeni haitaki pupa. Posta unatembea mbele ya ofisi zilizofungwa. Hapa unatembea mbele ya sebule za watu. Mara ya kwanza tuliingia tu, watu kumi na watano na simu mkononi, tunaelekezana kwa vidole. Mama mmoja akatoka uani na mwiko wake, akauliza, "Jamani, mmekuja kuchora X?" Hakuwa anatania. Anayekaa upande unaoelekea bonde la Msimbazi ameshaona alama nyekundu zikichorwa kwenye kuta za jirani kabla ya tingatinga, na kundi la watu wasiojulikana wanaoangalia nyumba zake si jambo la kuchekea. Tuliomba radhi, tukanunua vitumbua vyake vyote, tukaondoka.

Safari ya pili tulianza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tukajieleza, na akatupa mjumbe wa kutusindikiza. Mjumbe huyo alitembea mbele akisalimia kila mlango, na yule yule mama akatuita ndani. Kwa hiyo sharti la Magomeni ni hilo: muwe na mwenyeji. Kundi lisilo na mtu wa mtaa huo lisubiri limpate. Na picha, omba kwanza, au achana nazo kabisa.

Masika, Machi hadi Mei, njia hii haina uhakika. Mvua ikikaza maji ya Msimbazi yanapanda Jangwani na Barabara ya Morogoro hufungwa. Mnaweza kujikuta mmevuka kwenda na hamna pa kurudia ila kwa mzunguko mrefu.

Daraja la Tanzanite hadi Coco

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu njia yenyewe haina maneno mengi. Unaanzia upande wa Upanga, unavuka daraja la Tanzanite lililoanza kutumika mwaka 2022, zaidi kidogo ya kilomita moja juu ya maji, unafika ufukwe wa Coco unakula mihogo. Upepo ni wa kutosha, njia ya miguu pana, hakuna wa kukuuliza umetoka wapi. Wanaotaka jasho, wanaotaka kuja na watoto, wanaoona haya kusalimia watu wasiowajua, hapa ndipo kwao.

Kivuli hakuna kabisa. Kufika saa 2 na nusu mwezi wa Februari zege linakupikia miguu. Kukaa napo hakuna mpaka ufike Coco. Na ukweli wangu ni kwamba ukimaliza unakuwa umeiona bahari, mtaa hujauona. Masaki na Oysterbay kuta zake ndefu na geti zake zimefungwa. Tulipita mara nne, tukasalimiana na walinzi tu. Jihadharini na vibaka wa pikipiki wanaokwapua simu, hasa mnapokuwa mmetawanyika mmoja mmoja. Sisi ilitupata, na simu ilikuwa ya mweka hazina, yenye hesabu zetu zote.

Basi uchague ipi?

Kama kundi lina chini ya mwezi mmoja na watu hawajuani, anzeni Posta. Kuna cha kuzungumzia kila hatua mia, kwa hiyo hakuna ukimya wa kuoneana aibu, na hakuna anayepotea. Fanyeni mara mbili, tatu, halafu hameni kabla hamjaichoka.

Kama mnatafuta njia ya kudumu, kura yangu ni Kariakoo ya Jumapili asubuhi, na wanaonijua hawatashangaa. Ina historia ya Posta na watu wa Magomeni, na mwenye mtaa hakuoni mvamizi kwa sababu wageni ni biashara yake tangu zamani. Mwenzangu tunayeongoza naye anabisha. Yeye ni wa Magomeni, anasema Kariakoo watu wanakuja kuuza, kwao watu wanaishi, na kwamba baraza yangu ninayoisifu siku moja itauzwa na mimi nitabaki nasalimia ghorofa. Hajakosea.

Magomeni ichukueni mkiwa na mwenyeji na mkiwa hamzidi kumi. Mkizidi gawanyikeni, wengine waanzie Mapipa, wengine Usalama, mkutane kwenye chai. Tanzanite iwe ya siku mliyojaa watoto, au ya wiki ambayo watu wamechoka na maneno.

Mgonjwa au mzee akiwepo, pimeni njia kwa viti. Kariakoo ina mabaraza, Magomeni ina mabaraza na viti vya plastiki vya kuazima, Posta ina bustani, daraja halina kitu. Ramadhani sisi tunahamia jioni, saa moja hivi kabla ya magharibi, Kariakoo upande wa makazi, watu wanapopanga futari barazani. Tunatembea taratibu kuliko siku zote na mara nyingi hatufiki tulikokusudia, kwa sababu kuna mtu ameshatandika mkeka na haiwezekani kupita tu.

Siku ni Jumapili, saa 12 na nusu, na msisubiri wachelewaji zaidi ya dakika kumi. Wataletwa na bodaboda. Mtu mmoja anayejua njia atembee mwisho kabisa, nyuma ya mwenye mwendo mdogo kuliko wote. Mkokoteni ukipiga kelele, pisheni. Na fulana za sare zisubiri kwanza. Sisi tulichapisha ishirini kabla hata hatujakubaliana mtaa, zina picha ya daraja la Tanzanite kifuani, na kumi na moja bado ziko kwenye mfuko kwa mweka hazina.